Kaseti ya Konokono

Asaa Faki wa afya alinijia dukani Machomanne,
kompyuta kaikumbatia kwapani kama msala.
"Mbarouk, nina slaidi ishirini na moja za kichocho.
Huko Kinyasini kuna televisheni moja, deki moja,
na jenereta la skuli linalokohoa.
Kompyuta hawana. Nitilie kwenye kaseti."

Mie kazi yangu harusi.
Najua kuipoza taa isimuunguze bibi harusi uso,
najua kumkata mjomba anapopiga miayo.
Slaidi? Slaidi hazichezi, hazitunzi,
zinakaa tu, kama wageni wasioaga.

Nikachomeka waya, kisanduku katikati,
huku vitone, kule mistari,
na picha ikaja, kingo zimeliwa.
KICHOCHO kimebaki ICHOCH.
Tulicheka mpaka fundi cherehani wa mlango wa pili
akaja kuchungulia.

Ikabidi turudishe maneno ndani, moja moja,
kama watu wanaosogezana mkekani
mvua inapopiga baraza.

Kisha nyekundu ikavuja.
Asaa kaandika DAMU kwa rangi ya damu,
herufi zikatoka nje ya herufi,
zikamtambalia mtoto aliyechorwa pembeni.
"Iache," akasema, "ndivyo ilivyo."
Nikamwambia haisomeki.
Tukaifanya nyeupe, juu ya buluu.

Lakini kazi ilikuwa muda.
Kwenye kompyuta yake Asaa hubonyeza
akishaona vichwa vimeitikia.
Kaseti haioni vichwa.
"Sekunde ngapi kwa slaidi?"
"Tano zatosha."
Tano! Kwa msomaji gani?

Nikamwita mama, nyumba i nyuma ya duka.
Kusoma kakujulia ukubwani,
jioni, kwenye kisomo, kidole chini ya silabi.
Akaja na unga mikononi, akakaa mbele ya kioo.
Slaidi ya nne:
"Ko-no-ko-no... wa... ma-ji... ba-ri-di."
Sekunde kumi na nane. Asaa akaziandika kiganjani.
Mama akageuka: "Na wa maji moto hawana neno?
Maana bondeni kwenye mpunga, adhuhuri,
maji yanachemka miguuni."

Asaa akafungua kinywa, akakifunga.
Miaka sita anakwenda na slaidi ile.
Akafuta *baridi*, akaandika
*ya mtoni, ya bondeni, ya ziwani,*
na sekunde zikapanda, ishirini na sita.

Tukenda hivyo, silabi kwa silabi,
hadi ya tisa.
Ya tisa haina maneno mengi:
mtoto wa kiume, mgongo, ukuta, mkojo.
Mama hakusoma.
Mie macho yangu kwenye saa, nahesabu,
kisha nikaacha kuhesabu.

"Marehemu Shaame alikojoa hivi hivi," akasema.
"Tukasema mtoto keshakuwa.
Baba yenu akamshonea kanzu."

Mie kanzu ile naikumbuka.
Niliirithi.

Unga ulimkaukia vidoleni.
Akainuka, akarudi kwa chapati zake,
na ya tisa nikaiacha dakika nzima.
Asaa hakuuliza.

Kaseti mpya zilikuwa zimekwisha mjini,
nikarikodi juu ya harusi ya mtu wa Wete
aliyechukua nakala moja na deni akaniachia.
Slaidi zilijaza dakika kumi na tatu.
Nilikusudia kufuta iliyobaki. Umeme ukakatika,
Asaa ana gari ya kuwahi.

Alirudi baada ya wiki, kaseti ina vumbi.
Anasema walikaa kimya tangu mwanzo,
ya tisa ilipokaa, watu wakainama.
Mwisho, baada ya dawa na namba ya kituo,
kioo kikatetemeka, mistari, theluji,
akatokea bibi harusi, hina mpaka viwikoni,
anacheka na mtu asiyeonekana.

Hakuna aliyenyanyuka.
Wakamtazama mpaka jenereta likaishiwa,
na gizani mwanamke mmoja akauliza:
"Huyu naye alikuwa nacho?
Alipona?"