Droo ya Tatu

Droo ya tatu, chini ya daftari la wageni,
ina vitu ambavyo watu huvisahau ukutani:
adapta nyeupe, nyeusi, moja ya kijani iliyopasuka,
za njiti bapa, za njiti nene, za njiti tatu
zilizokaa kama mafiga.
Mwenye kuondoka hukumbuka miwani, hukumbuka soksi,
huchungulia hata uvunguni.
Ukutani hatazami.

Mimi ni wa zamu ya usiku, hapa Vardø,
ambako Desemba jua halichomozi kabisa.
Mgeni akishuka ngazi na simu iliyokufa mkononi
namfungulia droo, ajichagulie.

Bi Hisae Nagamine hakushuka na simu.
Alishuka na jiko la wali la umeme,
limeviringishwa taulo, maua ya kifuniko yamefutika,
alilolipakata tangu Naha, akibadili ndege tatu,
kwa sababu (alisema kwa vidole zaidi kuliko maneno)
wali wa masufuria ya watu haumsikilizi.
Njiti mbili bapa. Nikampa adapta ya njiti bapa.
Plagi ikaingia, ikatulia kama iliyozaliwa humo.
Tukatabasamu wote wawili.

Dakika nne, labda tano.
Kisha mlio, si mkubwa,
kama mtu aliyefunga kitabu kwa hasira,
na ghorofa yote ya pili ikazimika,
na harufu ikashuka ngazi kabla yake.

Hakunilaumu. Ndilo lililoniuma.
Aliinama akaniomba radhi yeye,
mimi niliyempa.
Kwa tochi nikasoma tumboni mwa jiko
nambari ndogo kama mayai ya sisimizi:
volti mia.
Ukuta wetu una mia mbili na thelathini.
Adapta, maskini, haikudanganya.
Yenyewe ni mdomo tu. Moto haiujui.

Nilipokuja mimi kutoka Jaffna
nilibeba pasi ya mama.
Njiti tatu za mviringo; ukuta ukazikataa,
nikalia bweni zima la kiwanda cha samaki likanisikia.
Kumbe moto ulikuwa uleule, volti zilezile!
Aslak, fundi wa kiwanda, alikata waya,
akafunga kichwa kipya,
pasi ikashika joto siku hiyohiyo.
Nikadhani ugenini ndivyo kulivyo:
badili kichwa, mengine yatakubali.

Asubuhi, asubuhi ya saa tu maana giza halikubanduka,
nikamgongea Aslak. Mstaafu sasa, goti moja bovu.
Stoo kwake kuna transfoma ya manjano, kilo kumi na moja,
ya meli iliyouzwa vyuma chakavu.
Tukaivuta kwa sleji juu ya barafu,
mimi mbele, yeye nyuma akitukana.
Akabadili fyuzi ya jiko, akapuliza masizi,
akanionyesha: huku inaingia mia mbili na thelathini,
huku inatoka mia.
"Na katikati?"
"Katikati nyaya hazigusani."
"Hazigusani kabisa?"
"Zinakaa jirani tu. Inatosha."

Saa nane usiku tulikula, watatu,
juu ya meza ya mapokezi, kwa bakuli za supu.
Transfoma ikinguruma miguuni petu
kama mtu mnene aliyesinzia.
Wali ulishika ukoko upande mmoja.
Bi Hisae akaukwangua, akaugawa sawasawa,
akasema neno moja ambalo sikulijua.
Aslak akaitikia kwa kichwa, eti amelielewa.

Aliondoka Jumanne. Nilikagua ukuta wake: mtupu.
Siku hizi mgeni akishuka na kitu chake
namwambia, kipindue kwanza, tusome.
Wengine hunikasirikia.

Transfoma haiingii droo yoyote.
Iko chini ya meza. Naikanyagia miguu usiku,
na nikisahau kuizima
huwa ina joto kidogo.