Waya wa Kijani

Saa tisa usiku, simu ya don Reinhold:
"Ghala limekufa. Njoo."
Hakutaja radi. Kwa nini ataje?
Kilomita arobaini kutoka kwake
vioo vya dirisha langu vilikuwa bado vinatetemeka.

Nikakuta tani elfu tatu za soya gizani,
soya yenye maji, imevunwa kwa pupa kabla ya mvua,
na feni za kukaushia kimya.
Soya mbichi haimngojei fundi.
Huanza na joto dogo, kama homa ya mtoto,
kisha huungua kuanzia tumboni.

Nilipofungua kabati, harufu ndiyo iliyonikaribisha.
Plastiki. Sufuria iliyosahauliwa motoni.
Derlis akamulika tochi, akahukumu:
"Kidhibiti kimeungua, bwana. Tuagize kingine."
Kutoka Asunción? Siku sita, barabara ikiwa nzuri.
Nikamwambia, kijana, si kila aliyelala ni maiti.
Pima.

Volti ishirini na nne: zipo.
Fyuzi ya kwanza nzima, ya pili nzima,
ya tatu imejipaka wanja.
Tukaweka mpya, ikalia *tiki*, ikamfuata mwenzake.
Tukaweka nyingine. *Tiki*.
Ilikuwa imebaki moja tu mfukoni
na maduka ya Alto Paraná hufunguliwa saa mbili.

Basi tukaanza kung'oa kadi.
Kadi ya halijoto: hakuna.
Kadi ya kina: hakuna.
Kadi ya mota za mkanda: hakuna, ila jasho la Derlis kwenye skrubu.
Ya nne, ile inayoongea na mizani ya malori,
ilipotoka tu, nikachomeka fyuzi ya mwisho
bila kupumua,
na kidhibiti kikapepesa jicho.
Kilikuwa hai. Kumbukumbu zake zote kichwani,
hata jina la fundi aliyekitia programu.

Ña Sotera, mlinzi wa zamu, akaleta mate ya moto.
"Aratiri haikugusa ghala," alisema,
akiita radi kwa lugha ya mama yake.
"Imepiga nguzo ya uzio, kule mizani. Niliona nguzo ikichanika."
Kule mizani! Mita mia mbili!
Basi haikupanda hapa kwa kuruka, ilitembea.
Ilishika waya wa mawasiliano chini ya ardhi
kama mgeni anayeijua nyumba,
ikabisha mlango wa nne.

Tukashuka na matope hadi vifundoni.
Nikafungua sanduku la mizani.
Waya wa ardhi, kijani na njano, ulikuwa unaning'inia,
ncha yake imekunjwa mara mbili,
imeviringwa utepe mweusi, kwa unadhifu kabisa.

"Mpumbavu gani amefanya hivi?" Derlis akauliza.

Naijua ile mikunjo miwili.
Aprili mwaka jana, malori kumi na saba kwenye foleni,
honi, matusi ya Kireno na ya Kihispania,
na mizani inacheza kilo sitini juu, kilo sitini chini.
Niliukata waya. Namba zikatulia.
Nikasema nitarudi Jumatatu
kuutafuta ule mvumo unakotoka.

Radi haina kinywa cha kunishtaki.
Ningeweza kumtaja fundi wa zamani, aliyehamia Brazili.
"Mimi," nikasema.
Derlis hakunitazama.
Alichukua msasa, akaanza kukwangua kutu ya bolti,
akakwangua hata pale palipokwisha kung'aa,
kisha akauliza, taratibu, kama anayeuliza njia:
"Ukinza wa ardhi unatakiwa uwe ngapi?"
Nikamwambia. Tukapima. Ulikuwa mara tatu yake.
Akaenda kutafuta nyundo na fimbo ya shaba.

Mizani tuliiacha bila mawasiliano.
Ña Sotera ataandika uzito kwa kalamu.
Saa kumi na mbili kasoro feni zikanguruma,
vumbi likatoka juu ya paa,
na kipimajoto cha ghala la pili
kilisoma arobaini na moja,
arobaini na moja,
arobaini na moja,
arobaini.