Mwosha

Saa kumi na moja alfajiri Shekilindi wa machinjioni
ananikabidhi ndoo ya barafu na magoti manane.
"Haya ya ndama," asema, "yangetoa supu ya harusi."
Kila siku husema hivyo. Kila siku natia sahihi.

Bibi yangu alikuwa mwosha maiti, Chumbageni.
Kafuri, pamba, maji ya majani ya mkunazi,
na mkono usio na haraka.
Alinifunza: anza kulia,
usimfunue wote kwa pamoja,
ulichokiona kibaki humo humo chumbani.

Mimi naosha gegedu.
Kipande cheupe, buluu kwa mbali kama dafu changa,
kinateleza kwenye koleo
kana kwamba kinajua njia ya kurudi.
Nakigandisha, nakiyeyusha, nakigandisha tena
mpaka seli zipasuke.
Kisha sabuni isiyo na povu wala harufu, siku tatu,
mashine ikikitikisa taratibu
kama mtu anayebembeleza mtoto asiye wake.
Kisha maji. Maji tena. Maji mpaka nisahau idadi,
nirudi kwenye daftari, nianze upya.
Kazi yangu ni kumtoa ng'ombe ndani ya ng'ombe.

Mwanangu aliniuliza kinabaki nini.
Nikampeleka kwa shangazi, Pongwe,
banda limesimama fito tupu,
udongo bado uko shimoni.
Nikamwambia: hiki hapa.
Sisi tunafunga fito.
Mwenye goti ndiye atakayekandika.

Kundi la saba tulilitupa lote.
Umeme ulikatika Jumamosi,
jenereta likakohoa, likanyamaza,
Jumatatu friji ikanuka hadi barabarani.
Nililia chooni. Sikulilia fedha za wafadhili.
Niliwalilia wale ndama, wameoshwa bure.

Ndipo akaja Mbwana Semkuya,
fundi baiskeli wa barabara ya kumi na mbili, Ngamiani,
miaka thelathini ya kuchuchumaa,
goti la kushoto unalisikia kabla hujamwona.
Daktari akatoa picha, akaanza kueleza.
Fundi akamkatiza:
"Gololi zipo, kikombe kipo, grisi imekwisha.
Mnataka kunitia grisi ya nani?"
Ya ng'ombe, nikasema.
"Kachinjwa vipi?"
Kwa bismillahi, kaelekezwa kibla.
Akalisugua goti, akafikiri.
"Ng'ombe nimemla miaka sitini, hajanidai.
Leo ndio anibebe?"

Sikumwahidi.
Karatasi aliyoiwekea dole gumba inasema jaribio,
inasema huenda,
inasema tutakufuatilia miezi ishirini na minne.
Nilimsomea mstari kwa mstari.
Kwenye mstari wa tisa akasinzia.
Nikamwamsha, nikaanza upya.

Kundi la kumi na moja, kipande cha nne,
upana wa kifungo cha koti.
Nilikiosha siku mbili kabla ya Idi,
nikaanza kulia,
sikukifunua chote kwa pamoja.

Mwosha naye huoshwa, bibi alikuwa akisema,
na ngazi za maabara zimeanza kuniuliza umri.

Leo ni wiki ya kumi na nne.
Nakokota baiskeli yangu hadi kwake,
gurudumu la nyuma limepinda.
Yuko kwenye kigoda, mguu kaunyoosha,
kuchuchumaa kakatazwa hadi mwezi wa tisa,
anakaza spoku kwa kinyongo.
Anasemaje, namuuliza.
"Bado mgeni. Hajaujua mlango wa uani."

Kisha anainuka kufuata spana.
Nainamisha kichwa, nasikiliza.
Nasikia mnyororo, redio ya jirani,
mtu anamenya mihogo.
Goti, sijui.
Labda kelele zimezidi.
Namwomba akae,
ainuke tena.