Droo ya Tatu

Helve Kuusik alikaa na penseli sikioni
miaka thelathini na moja, hapa Viljandi,
ambako baridi ya Januari huwahi kabla ya wasomaji
na kukalia viti vyao.

Kazi yake ilikuwa kukionyesha kitabu mahali pake.
Alikifungua katikati, si mwanzoni
("mwanzoni kila mwandishi huvaa suti"),
akakinusa, akasoma kurasa nne, akanyamaza,
ndipo akaandika namba.
Kwa siku, vitabu kumi na viwili.
Akikasirika, kumi na vitano.

Mashine ililetwa Machi, kisanduku kama mkate.
Siku ya kwanza ilipanga vitabu mia nne
chai yetu haijapoa.
Hatukuiona ikisoma. Hatukuiona ikisita.
Kitabu cha mjane aliyefuga nyuki tangu mumewe azame ziwani
ikakitia kwenye Kilimo, Wadudu Wenye Faida.
Helve akakitoa, akakipeleka kwenye Msiba.
Kesho yake kikawa tena kwa wadudu.
Wakavutana hivyo wiki nzima, kimyakimya,
kama wake wenza wenye sufuria moja.

Nisiseme uongo: ilitufaa.
Ilisoma miandiko ya Kijerumani cha kale iliyotushinda,
barua za parokia, daftari za madeni ya wasaga ngano.
Mzee Endel Raudsik alimpata babu wa babu yake
kwa dakika mbili, theluji ingali mabegani,
akaketi palepale sakafuni, kofia mkononi.

Lakini alikuja pia Uku, mwanafunzi wa sekondari,
na orodha ya vitabu saba aliyopewa na simu yake.
Vinne vilikuwepo.
Vitatu havikuwahi kuandikwa na yeyote.
Majina mazuri, waandishi wa kuaminika,
mwaka, mji, hata idadi ya kurasa:
Chumvi Katika Kinamasi, kurasa mia mbili na nane.
Helve hakucheka. Alipanda ngazi, akatafuta,
akashuka na vumbi kwenye nyusi, akamwambia, "Hakipo,"
kwa sauti ya mtu anayeleta habari ya kifo.

Kisha akafanya jambo ambalo hakutumwa.
Alichukua kadi tupu, akaandika jina kwa wino,
na chini yake, kwa penseli: Hakipo. Kimeulizwa mara moja.
Kwa nini penseli?
"Huenda siku moja mtu akakiandika."
Akaitia droo ya tatu, iliyokuwa imelala bila kazi.
Kufikia Oktoba droo ilikuwa na kadi sitini na mbili.
Chumvi peke yake imeulizwa mara tisa.

Mimi ndiye niliyezilisha kadi kwenye skana.
Agizo lilisema droo zote, nami nina kodi ya nyumba.
Sikusoma. Nani husoma kadi elfu arobaini?
Wino ulipita.
Taa ya skana haijali penseli.

Jumatatu Uku alirudi, mashavu mekundu:
"Kimepatikana! Kipo hapa kwenu. Droo ya tatu."
Na kweli, kioo kilisema hivyo,
kwa yakini ileile kinayotumia kusema ni saa nne na robo.
Hadi jioni Riga walikuwa wameomba kukiazima,
na chuo kimoja cha Gdańsk, kwa heshima zote.

Nilimtazama Helve. Nilingoja anitukane.
Alichomoa penseli sikioni, akaichonga polepole,
maganda yakidondokea kibao cha herufi,
akavuta karatasi nyeupe.
"Kurasa mia mbili na nane," alisema.
"Mbili kwa siku, watu wa Riga watangoja
mpaka theluji iyeyuke."

Sijui hata leo kama alitania.
Mashine ilikuwa imeshakipa namba.