Mukhtasari wa Kikao, Gulwe

Nimeandika: kikao kilifunguliwa saa nne na robo asubuhi, Jumapili.
Sikuandika kwamba tulikalia madawati ya darasa la tatu,
Kapteni Sinkala magoti yakimfika kifuani,
na ubaoni chaki ya Ijumaa haijafutwa bado:
23 gawanya kwa 3. Jibu 7. Baki 2.

Ajenda ya kwanza: takwimu.
Katibu Tawala akafungua faili lenye mhuri:
kaya mia mbili na kumi na nne.
Jeshi halihesabu kaya, akajibu Kapteni,
jeshi linahesabu vichwa vilivyopanda boti.
Kijana wa shirika, fulana yake ingali na mikunjo ya dukani,
akahesabu mablanketi.
Nje, Kinyasungwe ulikuwa unapita na mlango wa mtu.

Huku kwetu tembe haianguki. Huyeyuka
kama sukari guru kwenye kikombe cha mgonjwa,
kuta kwanza, kisha paa linakaa chini taratibu
mithili ya bibi anayepapasa mkeka.

Ajenda ya pili: boti.
Boti ni ya jeshi, petroli ya wilaya,
kibali cha petroli kiko Mpwapwa,
na barabara ya Mpwapwa iko majini.
Njia ya kupenya kati ya migunga iliyozama
anaijua mchunga mbuzi mmoja, ambaye hakualikwa.
Nikaandika: wajumbe walijadili kwa kina.

Ndipo Matika wa kikoba akasimama bila kunyoosha mkono,
daftari la mikopo kifuani, limelowa pembe.
Akasoma majina, kila jina na deni lake,
na dirishani watu wakaitika.
Mbijima, elfu nane. Yupo.
Chilewa, elfu thelathini. Yupo, analia.
Nyendo, elfu kumi na mbili, anaishi na mjukuu.
Dirisha likanyamaza.

Hakuwa kwenye faili. Hakuwa kwenye boti.
Blanketi lake halikuwa na mwenyewe.
Deni peke yake ndilo lililomkumbuka.

Katibu Tawala akaandika kibali palepale,
chini ya ile elfu kumi na mbili, akagonga mhuri
na wino ukatambaa kwenye unyevu.
Kapteni akamuuliza mchunga mbuzi jina lake,
akamvika jaketi la uokozi lililomfika magotini.
Kijana wa shirika akabeba dumu, fulana ikachafuka.
Dakika kumi na moja. Nilizihesabu,
maana siku mbili zilikuwa zimeshakwenda.

Boti ilirudi saa tisa
na mtoto.

Yatokanayo: ofisi iliuliza aandikwe kaya ipi.
Kapteni alikuwa anakamua soksi, hakujibu.
Matika akachukua kalamu yangu,
akaipiga mstari ile elfu kumi na mbili.

Mengineyo: hayakuwapo.
Kikao kilifungwa.
Ubaoni nimebadilisha tarakimu moja tu, ya mwisho.
Mwalimu akija kesho
atadhani mwanafunzi amekosea.