Kitambaa Hakikutosha

Ubao wa Tante Neta ulivikwa flaneli ya buluu,
wanyama wakaung'ang'ania bila gundi wala pini:
twiga wawili, nguruwe wawili, simba aliyechujuka manyoya,
kunguru wa mguu mmoja (wa pili niliung'oa mimi).
Dirishani barafu. Manitoba, mwezi wa pili,
chumba cha chini ya kanisa, harufu ya kahawa na soksi mbichi.

Nilikuwa na miaka sita. Nikanyoosha mkono.
"Na wale walioachwa nje, Tante, mbona hawapo?"
Akatazama kopo lake la biskuti, akatazama mkasi.
"Kitambaa hakikutosha, Liesbet."
Tukaimba. Tukapewa zabibu kavu.

Jibu lile nilitembea nalo kama kokoto kiatuni.
Nilipofika kumi na tisa nikavua kokoto, kiatu na soksi,
nikaenda mjini kusoma. Mbele ya wenzangu
niliipima safina kwa dhiraa, nikapiga hesabu
kwamba mavi ya tembo peke yake yangeizamisha.
Walicheka sana. Nilidhani nimekua,
kumbe nilikuwa bado nabishana na ubao.

Nilirudi kumzika baba, na mto ukapanda.
Theluji ya miezi mitano iliyeyuka kwa juma moja.
Mashamba yakawa maji hadi upeo wa macho,
maghala ya ngano yamesimama humo
kama watu waliosahau walichofuata.
Kanisa letu liko juu ya tuta. Tulijaza viroba mchanga
mpaka vidole vikakataa kukunjuka.

Mlangoni, Mzee Gerhard Thiessen na daftari la washirika.
Simlaumu. Mablanketi yalikuwa arobaini.
Wakaja manesi wa Kifilipino wakisukuma wagonjwa wao,
wakaja akina Courchene, Waanishinaabe,
ambao tuta hilo lilikuwa lao kabla halijawa letu,
na nyuma kabisa, ameloa hadi kifuani, Abram Wiebe
tuliyemtenga miaka ishirini kwa kuoa tena.
Kalamu ya Gerhard ikaning'inia hewani.

Tante Neta, miaka themanini na minne,
akajikokota jukwaani na kigari chake,
akalishika pazia la igizo la Krismasi,
lile zito la mahameli, fahari ya akina mama,
akatoa mkasi mfukoni mwa aproni.
Alianzia chini, maana juu hakufikia.
Hakuniangalia, wala hakusema neno.
Nikaleta ngazi, nikamalizia.

Mahameli ina joto kuliko unavyodhani.
Abram alilala ndani ya nusu ya anga la Bethlehemu,
nyota ya karatasi imemgandia begani,
akakoroma usiku kucha, na hakuna aliyemwamsha.

Siku hizi kopo la biskuti ni langu.
Wapo wanaoniuliza kama nasadiki gharika;
huwauliza kama wamekula.
Nimekata watu kwa kila kiraka nilichookota,
wengi mno, hawaenei ubaoni, huanguka,
na watoto huwaokota chini ya viti.
Jumapili iliyopita Anneke aliniletea mmoja, mweusi wa koti kuukuu:
"Huyu anakaa wapi?"
Nikamwambia sijui bado,
mshike kwanza.

Kunguru angali na mguu mmoja.