Taa Namba Arobaini na Moja

Kazi yangu ni giza.
Mwanga hata mshumaa hutoa;
mimi hulipwa kulizima jukwaa kwa wakati wake,
kibandani nyuma ya kioo, huku Huddersfield,
chai imepoa, kidole kiko juu ya kitufe.

Tulicheza usiku ishirini na tatu.
Mmoja tu, Alhamisi ya Novemba,
ulipangiwa mkalimani wa lugha ya alama.
Bronagh alikuja na shati jeusi, kucha fupi zisizo rangi,
tamthilia nzima ameibeba mikononi:
mjane, bintiye, mdai, na mbwa anayebweka nje.
Akapewa kona ya kushoto, karibu na mlango wa dharura,
kama mwavuli wa mgeni.

Sehemu ya pili, mume aliyedhaniwa kafa
anarudi, ananong'ona gizani.
Kurasa mbili za giza tupu.
"Ukizima," Bronagh akaniambia, "umenikata ulimi."
Mwongozaji, Bwana Lascelles, akatikisa kichwa:
giza ni giza, ndiyo maana yake,
watu watasikia tu.
Watu.

Usiku ule nilikaa macho, nayapekua maneno ya nyumbani,
nikakuta lugha yangu imejaa masikio:
asiyesikia la mkuu,
sikio la kufa,
methali juu ya methali zikimkemea asiyesikia
kana kwamba kutosikia ni ujeuri.
Halafu blanketi likateleza, nikasema peke yangu: nasikia baridi.
Nikaketi kitandani.
Nasikia baridi. Nasikia njaa. Nasikia harufu ya mkate
kutoka duka la chini, saa kumi za alfajiri.
Mama alisikia uchungu aliponizaa.
Hakuna hata kimoja hapo kinachopitia sikioni.

Alhamisi. Safu ya tatu, viti sita vya kushoto.
Katikati yao Bi Winifred Sugden, miaka themanini na nne,
aliyefuma sufu kiwandani tangu ana kumi na tano
hadi mitambo ikamla masikio,
moja, kisha la pili,
bila hata kumtaka radhi.
Alama alijifunza ukubwani, amekwisha kumzika mume.

Mdai anakalia keki.
Bronagh alikuwa ameshamkalisha
kabla mwigizaji hajamaliza sentensi;
safu ya tatu ikaangua kicheko kwanza,
na ukumbi mzima, wenye masikio yao, ukageuka
kutafuta ulichokikosa.

Kisha giza.
Nikahesabu moja, mbili.
Nikaipandisha taa namba arobaini na moja,
asilimia sita,
kiasi cha kuokoa vidole kumi na uso.
Macho hayana pazia, husema watu wa kwetu.
Mikono ya Bronagh ikawa midogo, ikasogea karibu na kifua:
sikujua kwamba mikono nayo hunong'ona.
Bi Winifred akainama mbele,
kiganja mdomoni.

Mwishoni, makofi ya watu mia tatu.
Wale sita wakainua mikono wakaitikisa hewani,
makofi ambayo mwigizaji, akiwa ndani ya mwanga,
hawezi kuyaona gizani.
Hili halimo kwenye daftari langu la maagizo.
Nikawasha taa za ukumbi, zote, mapema.
Mjane akaona. Akaacha kuinama,
akajibu kwa mikono miwili, kombokombo.

Lascelles akanikuta ngazini.
"Palikuwa na mwanga."
"Ulikuwepo," nikasema, nikashuka.

Nje mvua. Kituoni, Bi Winifred akaitazama kurunzi
iliyoning'inia shingoni mwangu,
akainua mkono juu ya kichwa, vidole vimefumba,
akavifungua kuelekea chini.
Bronagh alikuwa ameshaondoka. Hapakuwa na wa kunifasiria.
Nikaitikia kwa kichwa, kama mjinga,
basi likamchukua.

Nilifika kwangu karibu saa sita,
nikapapasa ukuta wa jikoni, nikawasha taa,
ndipo nikaelewa.